Yaya, umeihukumu albamu kwa kadi ya simu

Yaya, hapa Kasongo hakuna asiyezijua hukumu zako za muziki. Unazitoa sokoni, unazitoa kwenye kibanda cha kuchaji simu, na waendesha pikipiki wamekwisha kuzifikisha Salamabila, kule Kabambare. Masikio yako nayaheshimu, maana hujaacha kusikiliza hata siku moja. Madai yako lakini hayasimami, na kwa kuwa umeyasema hadharani, nayajibu hadharani.

Unasema wazee walitoa albamu, na vijana wanatoa nyimbo zilizokusanywa tu. Ni kinyume chake, Yaya. Enzi unayoililia, ya African Jazz na OK Jazz, muziki wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, uliuzwa kwa santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Nyimbo zilipoanza kurefuka miaka ya 1970, maneno yalibaki upande wa kwanza na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kucheza, ikahamia wa pili. Aliyetaka kucheza ilibidi ainuke kwanza ageuze santuri. Santuri kubwa nyingi za siku zile zilikuwa mikusanyo ya hizo ndogo zilizokwisha kuuzwa. Hiyo ndiyo mikusanyo unayoiita leo albamu za wazee.

Unasema *Formule 7* ya mwimbaji Fally Ipupa haina mpangilio, ni gunia la nyimbo. Hapa nakukatalia kabisa. Albamu ile ilitoka Desemba 2022 ikiwa na nyimbo 30. Wewe umeisikia wapi? Kwa yule kijana mwenye kompyuta na paneli ya jua, anayejaza nyimbo kwenye kadi za simu. Kadi yako nimeiona. Nyimbo za Fally hazifiki nusu, zimejipanga kwa alfabeti, mbili zinakatika kabla sebene haijapamba moto, na ile iliyoandikwa "Piste 07" wala si yake. Ni kwaya ya kanisa. Mpangilio wa albamu utauonaje hapo? Nakubali kwamba nyimbo 30 ni nyingi, na mimi mwenyewe ningepunguza kadhaa bila kusikitika. Kama ulitaka kumlaumu Fally, ungeanza na *Tokooos* ya 2017, alipowaita Booba na Aya Nakamura akiyalenga masikio ya Ufaransa. *Formule 7* ilimrudisha kwenye rumba ndefu, ile ile unayodai ameisahau.

Halafu mabanga, yale majina ya wafadhili yanayotajwa nyimboni. Unasema vijana wanaimba majina ya wenye pesa, mapenzi yamekwisha nyimboni. Mabanga yananiudhi hata mimi, hasa jina la tajiri linapoangukia katikati ya ubeti mtamu. Ila usiseme wameyaanza wao. Mwaka 1984 Franco wa OK Jazz, huyo huyo unayemwapia, alitoa *Candidat na biso Mobutu*, wimbo wa kumnadi mgombea ambaye hakuwa na mpinzani. Wafadhili walikuwepo tangu zamani, siku hizi wameongezeka tu.

Dai lako linaloniuma zaidi ni kwamba Kiswahili si lugha ya gitaa, rumba ni ya Kilingala, na Maniema haijatoa mtu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, akiimba Kiswahili cha Katanga, na wapiga gitaa wa mbali hadi leo wanahangaika kuviiga vidole vyake. Na Remmy Ongala je? Alizaliwa Kindu mwaka 1947, katika Maniema hii hii, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili kuhusu kifo, umaskini na Ukimwi. Albamu yake *Songs for the Poor Man* ilitolewa mwaka 1989 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza. Alifariki Desemba 2010. Watanzania wanamhesabu kuwa wa kwao, na wana haki, maana sisi hatukujishughulisha kumdai. Kuna wangapi hapa mjini wanaojua alizaliwa wapi?

Kuhusu ule wimbo "Kasongo" wa bendi ya Super Mazembe, ambao unajivunia kwamba uliimbwa kwa ajili ya mji wetu: hapana. Kasongo wa pale ni mwanaume anayeombwa na mkewe arudi nyumbani. Tusigombee mali ya watu.

Naacha ombi moja, si kwako tu Yaya, bali pia kwa watangazaji wa redio zetu za Kasongo na Kabambare. Mnapopiga wimbo, tajeni mwimbaji, albamu na mwaka, na msiukate kabla ya sebene. Na wewe Yaya, kabla hujatoa hukumu nyingine, itafute *Formule 7* ikiwa nzima, kwa mpangilio wake, uisikilize mpaka mwisho. Ukiichukia baada ya hapo, nitakuunga mkono mbele ya watu.