Barua ya Chuo Haitoshi: Parokia Zetu na Wanafunzi wa Mafunzo kwa Vitendo

Kila mwaka vyuo vinapofunga, mabasi yanayoingia Shinyanga, Kahama na Geita hushusha vijana wenye begi moja la nguo na bahasha ya kaki mkononi. Ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokuja kwenye mafunzo kwa vitendo, au kama wanavyosema wenyewe, wanakuja "fildi". Wa jiolojia na uhandisi wa migodi wanaelekea Geita na Bulyanhulu. Wa uhasibu wanapangiwa halmashauri, wa uuguzi wanakwenda hospitali, na wa ushirika, wakiwemo wale wa kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, wanakwenda kwenye vyama vya msingi vya wakulima. Kwa wiki nane hivi watafanya kazi kutwa nzima kama waajiriwa, bila mshahara wa mwajiriwa.

Sisi waseminari tunayafahamu maisha hayo kwa namna yetu. Nasi tuna mwaka wa kichungaji, tunapotoka darasani na kukaa parokiani. Lakini tazameni tofauti iliyopo. Mseminari anapotumwa, askofu amekwisha kuzungumza na paroko. Chumba kipo, sahani ipo mezani, na kuna padre anayejua kwamba atatakiwa kuandika taarifa juu ya kijana huyu. Jumapili ya kwanza anatambulishwa kwa waamini, na kabla wiki haijaisha akina mama wa WAWATA wamekwisha kumjua jina. Mwanafunzi wa chuo kikuu ana barua ya utambulisho tu. Akishaipeleka ofisini, jioni anabaki kutafuta chumba katika mji asioujua.

Maoni yetu ni haya: maandalizi ya mafunzo kwa vitendo si kazi ya chuo peke yake. Familia inayomtuma kijana na parokia inayompokea zina sehemu yao, na katika ukanda wetu huu wa dhahabu sehemu hiyo bado hatujaibeba.

Tuanze na kazi yenyewe. Wanafunzi wengi hudhani kujiandaa ni kupata nafasi. Migodi mikubwa ina nafasi chache na hupokea maombi mapema, hivyo anayesubiri mpaka mitihani iishe huangukia popote. Hapo ndipo huanza ugonjwa wa kutafuta muhuri. Kijana anaripoti siku mbili, anarudi kwao, kisha mwishoni anajaza kitabu cha kumbukumbu za kila siku kwa kazi ambazo hakuzifanya, na mtu anamgongea muhuri kwa sababu "ni mtoto wa fulani". Tunalicheka jambo hili kana kwamba ni ujanja wa ujana, kumbe ni uongo ulioandikwa na kutiwa saini.

Tena ni uongo wenye gharama. Mwezi Novemba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 waliofukiwa mgodini waliokolewa baada ya siku kadhaa. Tulimshukuru Mungu, na tulifanya vema. Lakini wengi wengine katika maduara ya eneo letu hawakutoka. Anayesoma ukuta wa mwamba na kusema "hapa hapaingiliki leo" hakuzaliwa na elimu hiyo. Alifundishwa akiwa amesimama mbele ya mwamba, na aliyekuwa karibu naye ni fundi aliyezoea. Wiki hizo nane ndizo za kujifunzia hayo. Anayezinunua kwa muhuri atakuja siku moja kupewa dhamana ya maisha ya watu akiwa hajui. Ni hivyo hivyo kwa muuguzi aliyeruka zamu zake na kwa mhasibu wa chama cha ushirika asiyejua kusoma daftari la mizani, huku mkulima wa pamba akisubiri fedha zake.

Jambo la pili ni mazingira. Huku kwetu dhahabu ina sauti kubwa. Ikisikika kwamba kuna "rashi" mahali fulani, watu huhama usiku kucha, na siku chache baadaye kuna vibanda, makarasha, baa na vyumba vya kupanga kwa siku. Kijana aliyezoea kupigia hesabu kila shilingi anakutana na mwenzake wa rika lake aliyepata mzigo kwenye duara na anamwaga fedha mezani. Wengine wameacha masomo hapo hapo. Wengine wanakaa karibu na mialo ambako dhahabu inakamatwa kwa zebaki na kuchomwa hewani, wala hakuna aliyewaambia kwamba ule moshi ni sumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauzuii moshi kuingia dirishani. Mtu anayemjali kijana humwambia mapema: chumba hiki usipange.

La tatu ni gumu kulisema, ila kulinyamazia ni vibaya zaidi. Mwanafunzi wa fildi ni mtu asiye na nguvu. Alama zake zipo mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo akiwa hana hofu ya Mungu anaweza kumwambia binti kwamba taarifa nzuri ina bei yake. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja kuwa kosa la jinai. Namba ya TAKUKURU ni 113, na haitozi malipo. Lakini binti aliye peke yake mji wa ugenini hapigi simu. Anayepiga ni yule aliye na mama wa jumuiya wa kumwendea jioni na kumwambia, "Mama, kuna jambo." Tukisema tunatetea utu, ni hapa tunapopimwa.

Kitabu cha Tobiti kinatuonyesha namna wazazi waadilifu walivyomwandaa kijana wao kwa safari. Tobia alikuwa anakwenda Rage ya Media kufuata fedha za baba yake, njia asiyoijua. Mzee Tobiti hakumpa mwanae maelekezo tu na kumwacha aende. Alimtaka atafute mwenzi wa kuaminika, akamhoji mwenzi huyo juu ya ukoo wake, wakapatana ujira wa kila siku, ndipo akawabariki wote wawili. Hakujua kwamba mwenzi yule ni malaika Rafaeli. Alichofanya ni wajibu wa mzazi wa kawaida: kuuliza mwanangu anakwenda na nani, atakaa wapi, nani atamjua huko. Wazazi wangapi leo wanajua jina la msimamizi wa mtoto wao aliye fildi?

Tunapendekeza mambo manne, na hakuna linalohitaji mfuko mpya. Kwanza, matawi ya TMCS vyuoni yaandike majina ya wanachama wanaokuja majimbo ya Shinyanga, Kahama na Geita, na mlezi wao ayatume kwa maparoko mwezi mmoja kabla. Pili, kila jumuiya ndogondogo iliyo karibu na mgodi, hospitali au ofisi za halmashauri itaje nyumba zinazojulikana kwa heshima zenye chumba cha kupangisha kwa bei ya haki. Tatu, VIWAWA wa parokia wawapokee wenzao, wawaonyeshe njia, wawafundishe hata kusema "mwangaluka" asubuhi, maana salamu hufungua milango mingi Usukumani. Nne, mafundi, wauguzi na wahasibu waamini, hasa wastaafu, watenge jioni moja baada ya Misa ya Jumapili wazungumze na vijana hawa juu ya kazi: usalama, uaminifu na kusema hapana.

Tunajua yatakayosemwa. Wapo watakaosema vijana wa chuo ni watu wazima, waache wajifunze maisha. Ni kweli ni watu wazima, na hatusemi wabebwe mgongoni. Lakini mtu mzima pia huhitaji jirani. Sisi wenyewe tunapokelewa parokiani tukiwa watu wazima, na hatusemi mapokezi hayo yametuharibu. Wengine watauliza kuhusu wanafunzi wasio Wakatoliki. Mlango uwe wazi kwao pia, kwa sababu binti anayetishwa na msimamizi haulizwi kwanza kama amepata Kipaimara. Na wapo watakaosema hiyo ni kazi ya kampuni na vyuo. Navyo viwajibike kwelikweli, vitoe vifaa vya kujikinga na wasimamizi wanaofika kukagua. Wajibu wao hauufuti wa kwetu.

Kwenu wanafunzi, tunawaomba msije mkiwa mmebeba barua tu. Ombeni nafasi mapema. Kabla ya kupanda basi, andikeni mambo matano mnayotaka kuyajua mtakaporudi. Mkifika, fikeni kabla ya saa ya kazi, ulizeni mnapokuwa hamjui, na jioni andikeni mlichokifanya, hata kama ni kufagia ghala. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo msidharau kazi ndogo, na msikubali kazi yoyote inayodharau utu wenu.

Na kwetu waseminari, wengi tutatumwa siku moja katika parokia zenye migodi. Itakuwa aibu ikiwa tutajua majina ya wafadhili wote wa parokia na tusimjue kijana aliyekaa kiti cha nyuma Jumapili nane mfululizo, kisha akaondoka bila mtu kumuuliza ametoka wapi. Msimu ujao wa fildi uko njiani. Viongozi wa jumuiya waanze kuhesabu vyumba sasa.