Tamthilia za Mafumbo: Mji Wamepewa, Jibu Hawatoi

Kitendawili, kwetu Pwani na hata bara, kina sheria ambayo mtoto huijua kabla hajajua kusoma. Mmoja hutega, wenziwe hutegua. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Na akishapewa Lamu au Mombasa, akajisifu kidogo kwa mapochopocho aliyoyala huko, hapo hana budi kutoa jibu. Hakuna apewaye mji kisha akanyamaza. Akinyamaza huzomewa, na usiku wa pili hapewi nafasi ya kutega.

Nimeitaja sheria hiyo kwa ajili ya tamthilia za televisheni za siku hizi, hasa zile zinazochukua msimu mzima, pengine misimu mitatu, kuficha jambo moja tu: nani aliyemwua fulani. Hapa Kayole ninapokaa, tamthilia hizi huingia majumbani kwa njia nyingi. Mwenye uwezo huzitazama kwa intaneti. Asiye nao huenda kwa vijana wenye vibanda vya filamu, akajaziwa msimu mzima katika flashi kwa shilingi chache. Mchana watu wako kazini, jioni wamo ndani ya matatu za Kangundo Road, na saa tatu za usiku ndipo mtu aketipo, watoto wako ubavuni, tokeni za stima zinahesabiwa.

Huyo ndiye anayetakiwa akumbuke kwamba pete ya sehemu ya pili ilikuwa ya nduguye marehemu, ambaye kumbe si ndugu bali ni pacha wa mtu aliyedhaniwa kafa miaka 20 nyuma, na kwamba aliyoyaona jana hayakuwa ya leo bali ya zamani. Nilimwuliza kijana mmoja mwenye kibanda ni tamthilia zipi watu huziacha njiani. "Zile za kufikiria sana, mzee," akanijibu. "Mtu atanunua msimu wa kwanza. Wa pili haji hata kuuliza."

Wapo watakaosema kwamba watu wa mitaa hii hawana subira ya mambo mazito. Maneno hayo siyakubali. Waswahili ni watu wa mafumbo tangu hapo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alijibizana na washairi wa Lamu kwa beti ambazo asiyejua siasa za miji ile hazielewi hata leo. Lakini fumbo la mshairi lina kitu ndani yake, na ukilifumbua hutoka na mali. Hizi za leo nyingi ni mafurushi yaliyofungwa fundo juu ya fundo, na ukishafungua la mwisho unakuta kitambaa kitupu.

Tena si urefu ulio na kosa. Wadenmark walitoa mwaka 2007 tamthilia yao Forbrydelsen, ya mauaji ya msichana mmoja, na msimu wake wa kwanza ulikuwa na sehemu 20, kila sehemu siku moja ya upelelezi. Mwisho wa msimu mwuaji akajulikana. Wamarekani wakaichukua wakaiita The Killing. Msimu wao wa kwanza ukaisha Juni 2011 pasi na jibu, watazamaji wakaghadhibika, na jibu likaja mwaka uliofuata. Kabla ya hapo ilikuwako Twin Peaks ya mwaka 1990. Mwuaji alipofichuliwa kwa shinikizo la wenye kituo, hadithi ikapoteza nguvu, na mwaka 1991 ikakatwa hali ina mafundo mengine yaliyoning'inia. Waliotaka kujua wakangoja hadi 2017.

Sababu yake haiko mbali. Kampuni zinazouza tamthilia kwa malipo ya kila mwezi hufaidika mteja asipoondoka, na mteja mwenye swali moyoni haondoki upesi. Mwandishi naye ana udhuru wake: hajui kama msimu wa pili utalipiwa, basi huacha milango wazi ili aombe tena kazi. Matokeo yake ni kwamba swali limekuwa ndiyo bidhaa, na jibu limekuwa hasara.

Hata Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alikata hadithi alfajiri, naye alikuwa akiiokoa shingo yake. Lakini usiku wa pili aliimaliza, kisha akaanza nyingine. Na Wamisri, ambao tamthilia zao za Ramadhani kwa miaka mingi zilikuwa za sehemu 30, walijua kwamba mwezi wa Idi ukiandama kisa lazima kiwe kimekwisha.

Tuliosoma chuoni tunakijua kisa cha Nabii Yusuf, ambacho Kurani yenyewe imekisifu kuwa katika visa vilivyo bora. Sura ina aya 111. Ndoto ya nyota 11, jua na mwezi hutajwa aya ya nne, na tafsiri yake hutimia aya ya 100. Katikati mna kanzu: mara imepakwa damu ya uongo, mara imeraruliwa kwa nyuma ikawa ushahidi wa kumtoa Yusuf lawamani, mara imetupwa usoni mwa mzee Yaakub akapata kuona. Dalili zote zimelipwa. Na msomaji hafichwi waliomtupa Yusuf kisimani. Yote huyajua mapema. Kinachomshika ni namna watu watakavyokutana na matendo yao.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja naye aliijua kazi hiyo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960, Bwana Msa huvuta kiko chake, husikiliza, kisha hueleza alivyofika alipofika. Msomaji hufunga kitabu akajipiga paji la uso: kumbe nililiona!

Kwa mtaa kama Kayole jambo hili lina uzito zaidi. Hapa, kama Mathare na Dandora, wako akina mama ambao vijana wao waliuawa kwa risasi au walitoweka, na mpaka leo hawajaambiwa ni nani aliyefanya. IPOA, mamlaka ya kuwasimamia polisi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na hata hivyo faili moja huweza kuchukua miaka mingi kabla ya kufika hukumuni. Kwa mama wa namna hiyo swali la "nani aliyemwua" si la kuchezewa. Analala nalo na kuamka nalo. Hadithi inayomtesa kwa swali lilo hilo sehemu 13, kisha ikamwacha alipokuwa, imemwongezea dhiki.

Waandishi wetu wanaweza mengine. Crime and Justice, tamthilia ya Kenya iliyotolewa na Showmax mwaka 2021, iliwapa wapelelezi Makena na Silas kesi yake katika kila sehemu, kesi za sampuli tunayoisoma magazetini. Mpango huo ni wa kale. Ndio wa Vioja Mahakamani tangu enzi za Sauti ya Kenya: mshtakiwa huingia, ushahidi husikizwa, hakimu hutamka. Mtazamaji aliyekosa juma lililopita hakupotea.

Basi wasia wangu kwa vijana wa mitaa hii wanaoandika michezo, nao ni wengi na wana vipaji, ni huu: liandikeni jibu kwanza, kabla ya swali. Jibu likiwa na maana, lifumbeni mpendavyo. Watu wa Kayole watalifuata hata kwa msimu mzima, stima ikipotea wataingoja irudi. Likiwa halina maana, fundo mia hazitalipa maana. Na aliyechoka kungoja hana haja ya kuwazomea. Flashi yake ataijaza kitu kingine.