"Confused" au "surprised"? Dada, neno lina bei

Dada yetu mmoja, mtoto wa Unguja aliyeolewa Kahama, anapeleka mayai na mboga kwa mzabuni anayelisha wafanyakazi wa mgodini. Mwezi uliopita alilipwa pungufu ya bei waliyokubaliana. Bwana wa manunuzi ni mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "mambo", basi kila kitu huandikiana kwa Kiingereza. Ametuuliza: amwandikie "I'm confused" au "I'm surprised"?

Wengine watasema yote sawa. Sisi tunasema hapana, hapo pana pesa.

"I'm confused" maana yake sijaelewa, nieleweshe. Bwana atamwelewesha kwa upole kabisa, atamtumia karatasi ya bei mpya, na mazungumzo yameisha. Aliomba maelezo, kapewa maelezo. "I'm surprised" ni jengine: nimeelewa vizuri tu, ila haya sikuyatarajia. Sasa anayetakiwa kujieleza ni aliyebadilisha bei.

Tunajua kwa nini wanawake wengi tunakimbilia hilo la kwanza. Tumelelewa kuwa mwanamke mwenye heshima haulizi kwa ukali, na "confused" linasikika nyenyekevu. Lakini unyenyekevu na kujitia ujinga ni vitu viwili, na dini haikumkataza mfanyabiashara kudai haki yake. Bi Khadija, Allah amridhie, alikuwa mfanyabiashara.

Tena lina mtego ukilirudisha kwenye Kiswahili. Kwa Waingereza "confused" ni neno jepesi, mtu hulisema hata akipotea njia ya sokoni. Kwetu "nimechanganyikiwa" ni zito. Mwambie hivyo dereva wa mzigo, atakutazama mara mbili kama akili ziko sawa! Mwambie "sijaelewa", yatosha. Na wale wanaoandika "I'm confusing", wajue wamesema kuwa wao ndio wanaowachanganya wenzao.

"Shocked" tunaomba lipumzishwe. Mabinti zetu wamelifanya chumvi: kitambaa kimepanda bei, "niko shocked", shoga kanyoa nyusi, "niko shocked". Kwenye barua ya biashara neno hilo ni kama kumtolea mtu maneno barazani mbele ya majirani. Likishatoka, kurudi kwenye bei ni kazi.

Maneno makubwa yana mahali pake. Mwaka 2015, huko huko wilayani Kahama, mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata uliporomoka, na wanaume watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wameishi kwa wadudu na mizizi. Mke aliyepigiwa simu siku ile, "surprised" lingemfaa nini? Hata "amazed" ni dogo. Sisi wa visiwani tungesema "Subhanallah" tukanyamaza. Ndiyo maana tunasema tusiyamalize maneno mazito kwenye nyusi na vitambaa.

Kwa dada yetu basi, ni "surprised", lakini aangalie kinachofuata. "Surprised at you" linamlaumu mtu mwenyewe. "Surprised by the price" linailaumu bei, na bei haina uso wa kuvunjiwa. Kama anaogopa kumpoteza mteja, lipo "puzzled", la kati na kati: hapa pana fumbo, tulifumbue sote wawili. Sisi tungelitumia mara ya kwanza tu. Akijibiwa kwa kuzungushwa, arudi kwenye "surprised", na katika sentensi hiyo hiyo aweke bei waliyokubaliana, tarehe waliyokubaliana na kiasi kilichopungua. Na mayai ya safari ijayo yakae nyumbani mpaka jibu lije.