Bibi anasahau: si bulozi, ni ugonjwa wa ubongo



Juma hili tuzungumzie wazee wetu. Bibi anauliza neno lile lile mara tano. Anapotea kwenye njia ya shamba aliyoipita miaka yote. Usiku halali, anazunguka uani akisema peke yake. Majirani wanaanza kunong'ona: "Mulozi huyo." Hapa kwetu Kivu neno hilo limefukuza wazee nyumbani mwao, na wengine wameuawa. Kwa hiyo inatupasa kujua kinachotokea kichwani.

Ubongo ni karibu sehemu 2 tu kwa 100 za uzito wa mwili, lakini unatumia karibu sehemu 20 kwa 100 za oksijeni yote. Ni kama jiko lisilo na akiba ya makala: lazima liletewe kila wakati. Damu ndiyo inayoleta oksijeni na sukari, kupitia mishipa minne mikubwa ya shingo. Damu ikikatika, baada ya dakika chache chembe za ubongo zinaanza kufa.

Kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu, mambo mawili huonekana sana. La kwanza ni mishipa kuharibika, hasa kwa tansio ya juu au ugonjwa wa sukari usiotunzwa. Sehemu ndogo ndogo za ubongo zinakosa damu na kufa. La pili ni ugonjwa wa Alzheimer, wenye jina la munganga Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Hapo chembe za ubongo zinaharibika, zinatumia sukari kidogo, na damu inayofika inapungua. Mara nyingi mzee mmoja ana yote mawili.

Je, tumpe bibi sukari nyingi? Hapana. Sukari imo katika damu. Chembe zilizougua ndizo hazitumii ipasavyo. Sukari ya kupita kiasi inaumiza mishipa.

Tufanye hivi:

– Tupime tansio tangu umri wa kati, tusingoje uzee. Dawa ya tansio haiachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri.

– Tupunguze chumvi, pombe na tumbako. Tutembee, tule lengalenga, maharagi na samaki.

– Mzee akichanganyikiwa kwa ghafula, siku moja au mbili, tukimbie kituo cha afya. Huenda ni malaria, kiu, au sukari iliyoshuka, na hayo yanatibika. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, tusingoje hata saa moja.

– Anayesahau tusimgombeze wala tusimcheke mbele ya watoto. Tumwite kwa jina, tumpe kazi ndogo kama kuchambua maharagi, na mtu amsindikize akitoka.

Ugonjwa huu haujapata dawa ya kuuponya. Lakini watoto wetu wakisikia kutoka kwetu kwamba ni ugonjwa, hawatarudia neno la bulozi njiani.

Kwenye mkutano ujao wa vikundi tuulizane: ni mzee gani katika mtaa wetu hajapimwa tansio mwaka huu, na nani atamsindikiza?