Pikapu Iliyokatwakatwa na Gharama ya Kutoandika

Ukisimama kwa saa moja kando ya barabara kuu, kati ya Mlowo na Tunduma, utaziona Toyota Hilux za miaka ya 1990 zikipita zimeinuliwa mkia kama panzi. Mwenye gari atakuambia kwa fahari kwamba ameliongezea nguvu. Fahari hiyo ndiyo ninayoipinga hapa. Nashikilia pia kwamba kuirudisha pikapu ya aina hiyo katika hali yake ya asili ni suala la sera kama lilivyo suala la gereji.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa pikapu ambayo kaka yangu, mkulima wa kahawa wilayani Mbozi, aliinunua Tunduma, ikiwa imeshapita katika mikono ya watu kadhaa. Nimefuatilia kazi ya kuirejesha, nikichangia gharama na kuuliza maswali mengi kuliko fundi alivyopenda. Injini yake ni ile ya dizeli ya lita 2.8 inayojulikana kwa jina la 3L, isiyo na kompyuta, ambayo mtu mwenye spana na subira anaweza kuitengeneza popote. Injini ilikuwa nzima. Maafa yalikuwa pembeni yake.

Tuanze na huo mkia. Gari hili liliundwa kubeba takriban tani moja. Waliolimiliki walitaka libebe mbili, wakaliongezea majani ya springi yaliyotoka kwenye lori. Likaacha kulala chini ya mzigo, nao wakaona wameshinda. Lakini chini ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali ya breki yenye mkono wa chuma. Mzigo ukiongezeka, bodi hushuka, mkono husogea, na vali huruhusu msukumo mkubwa zaidi wa breki uende kwenye magurudumu ya nyuma. Bodi isiposhuka, vali huamini kwamba gari ni tupu. Kwa hiyo pikapu yenye tani mbili za kahawa huteremka mlima Senjele, au Iwambi kule Mbeya, huku magurudumu yake ya nyuma yakipata breki ya gari lisilo na mzigo. Hiyo ndiyo nguvu iliyoongezwa.

Chasisi nayo ilikuwa imerefushwa kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa, ili sanduku lipokee magunia zaidi. Mzigo unaokaa nyuma ya ekseli huinua pua ya gari. Magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito, na usukani huwa mwepesi pale hasa unapotakiwa kushika barabara. Nyaya sitazieleza sana: mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na anayejua kazi ya fyuzi ameshaelewa.

Thamostati, hata hivyo, inastahili aya yake. Mafundi wengi nchini huitoa na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya wenzetu. Hoja hii inavutia. Inanukia hata uzalendo. Lakini injini imekusudiwa kufanya kazi katika joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na hakuna mkoa wetu wenye hewa ya namna hiyo. Kifaa kikiondolewa, maji hupita kwenye rejeta tangu gari linapowashwa, injini huchelewa kupata joto, mafuta hayaungui sawasawa, na vyuma husagika kabla ya wakati. Tena, aliyewahi kulala Mbozi mwezi wa Julai angependa kuulizwa kwanza kuhusu hilo joto.

Ni rahisi kumlaumu fundi. Mimi naanza na mteja, kwa sababu ndiye aliyekuja na magunia ya tani mbili na fedha ya gari la tani moja. Fundi alijifunza kwa kumtazama fundi mwingine, na anajua mambo ambayo mhitimu wangu hayajui. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo ufike kwenye gereji za mipakani, ukiwa na somo la breki mbele kabisa.

Kilichokula muda zaidi katika urejeshaji kilikuwa kujua gari lilikuwaje. Kadi ilitaja namba ya chasisi, namba ya injini na rangi. Haikusema nani aliunga, lini, wala kwa sababu gani. Ilibidi itafutwe pikapu nyingine ya aina hiyohiyo ambayo haijaguswa, ipimwe kwa futi, ndipo zitafutwe springi zilizotumika huko Gerezani, Dar es Salaam.

Wanafunzi wangu wa siasa wameshaona ninakoelekea. Mwaka 1972 tulivunja halmashauri, tukazirejesha miaka kumi na kitu baadaye. Mwaka 1976 tulivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Majina na ofisi vilirudi upesi. Watu waliojua kutunza hesabu za mkulima walikuwa wameshatawanyika, na kwa maoni yangu hapo ndipo ushirika wetu ulipoanza kudaiwa kazi ambayo haukuachiwa mtu wa kuifanya.

Sisemi kila badiliko ni baya. Pikapu ya kaka yangu imebaki na wavu wa kulinda taa na bamba la kukinga injini, kwa kuwa vyote viwili vimefungwa kwa bolti na hufunguliwa kwa spana. Wala neno "asili" silitumii kwa kuisujudia Japani. Hapo ndipo mahali pa mwisho ambapo mtu alipiga hesabu ya springi, breki na chasisi kwa pamoja.

Tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na tangu 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha hapo Tunduma na Nakonde. Ninachopendekeza ni karatasi moja inayoambatana na kadi ya gari, ambamo kila badiliko la breki, springi, chasisi au usukani linaandikwa na kutiwa saini na fundi pamoja na mwenye gari. Wanaharakati watasema, na wana haki, kwamba kila fomu mpya ni mlango mpya wa rushwa. Basi isiwe na ada, isigongwe mhuri, wala isipite dirisha lolote. Ikae ndani ya gari na iuzwe nalo. Mnunuzi wa Tunduma ataisoma akiwa bado hajatoa fedha.