Kipindi cha Viungo Si Mali ya Kunyang'anywa

Walimu wenzetu, nanyi mlio vyuoni mkijiandaa kushika chaki, tuna neno la kusema, na huenda likauma.

Huku Majanji, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria katika Wilaya ya Busia, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, mtoto hukua akivuta nyavu na kukimbia mchangani. Akiingia shuleni, huketishwa. Ratiba ina kipindi cha elimu ya viungo, lakini mtihani ukikaribia kipindi hicho hutwaliwa. Na nani hukitwaa? Tusimsingizie mwalimu wa hesabu peke yake. Sisi walimu wa Kiswahili nasi tumo. Twasema, "Tuazimeni nusu saa tumalize ngeli," na deni hilo halilipwi kamwe.

Wako wanaojitetea kwamba wao si walimu wa michezo. Na wamtazame Bruda Colm O'Connell, aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia. David Rudisha, mmoja wa aliowanoa, alishinda mbio za mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akaweka rekodi ya dunia. Hatudai kila shule itoe bingwa. Twadai kila mwalimu atoke nje.

Wengine hulia kwamba vifaa hakuna. Kuvuta kamba kwataka nini zaidi ya kamba kuukuu ya wavuvi? Mpira wa matambara wataka nini zaidi ya matambara?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Sisi twamnyima hata zile chache zilizoandikwa katika ratiba, kisha twashangaa akisinzia mbele ya shairi!

Tena tunaidhulumu lugha yenyewe. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Lakini darasani mtoto wa Kisamia na mwenzake wa Kiteso hukisema ili kumridhisha mwalimu. Kiwanjani hukisema kwa sababu wanahitajiana. "Nipe mpira!" "Rudi nyuma!" "Sasa zamu yetu!" Hapo vitenzi vya kuamuru, hesabu na maneno ya mahali huingia vichwani bila kiboko.

Samaki mkunje angali mbichi. Ninyi mnaojifunza ualimu leo bado mwakunjika. Sisi wazee wa chaki tumeanza kukauka. Basi siku mtakapokabidhiwa ratiba, msikitwae kipindi cha viungo, wala msikubali mwingine akitwae. Vueni viatu, tokeni nje na watoto. Ngeli zitawangojea.