Postikadi za Kale za Nakuru: Amana Iliyo Ugenini

Nakuru ilipotangazwa kuwa jiji, tarehe 1 Desemba 2021, mazungumzo yalikuwa ya barabara, masoko na kodi. Wachache waliuliza: kumbukumbu za mji huu ziko wapi?

Nyingine zimo katika postikadi. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na watu wa pwani wakapanda nayo kutafuta riziki. Lakini postikadi ilitengenezwa impendeze mnunuzi, na mnunuzi wa zama zile alikuwa mlowezi au mtalii. Basi usishangae ukiwaona heroe wa ziwani wengi kuliko wakazi wa Bondeni.

Hata hivyo, kadi hizo si pambo tu. Maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya 2010, heroe wengi walihamia Bogoria. Picha ya zamani sasa ni ushahidi.

Wageni walitambua thamani hiyo mapema. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kilipata mwaka 2002 picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki zilizokusanywa na Humphrey Winterton, na nyingi zimewekwa kwenye intaneti. Wanastahili shukrani. Lakini anayeweza kumtambua mzee yule mwenye kanzu hayuko Chicago. Yuko Bondeni, Mombasa au Lamu.

Kwa hiyo, kabla ya kutupa sanduku la marehemu babu, lifungueni. Waulizeni wazee, mwandike majina nyuma ya kila picha. Amana haitunzwi na jirani ilhali mwenyewe yupo.